Kukata Matete Bila Kuyaua

(Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa mbele ya wakulima, wavuvi na wasusi wa vikapu katika upande wa Nyanza. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji wote wakaao karibu na mito, maziwa na vinamasi.)



Nimeombwa niseme nanyi leo juu ya matete. Yumkini wako miongoni mwenu wanaostaajabu, wakisema mioyoni mwao: "Je, huyu ametoka mbali kuja kutueleza habari za mmea ambao mama zetu wameukata tangu zamani, na ambao watoto wetu huufanyia filimbi?" Nami nasema wazi kwamba katika kazi ya kusuka kikapu, au kutengeneza mgono wa kuvulia samaki, sina la kuwafundisha, huko ninyi ndio walimu. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hawalijui vema, nalo ni kwamba bua lile refu tulionalo, lenye majani na shungi kichwani, ni sehemu ndogo tu ya mmea wenyewe. Mwili wake umelala chini ya matope. Mtu asiyejua habari za mwili huo aweza kukata matete siku chache tu, na mahali pale pasiote tete tena. Na mwingine aweza kukata kila mwaka, yeye na wanawe na wajukuu wake, na matete yasipungue. Wote wawili wana panga moja na mikono miwili. Walichotofautiana ni wakati wa kukata, na mahali wanapopitisha mundu.

Kwanza tupatane juu ya jina, maana mara nyingi watu huchanganya matete na mafunjo, kwa sababu yote huota penye maji na aghalabu hukaa jirani. Funjo lina bua laini lenye pembe tatu, halina vifundo, na kichwani lina nywele nyingi kama ufagio uliofunguka. Tete ni la ukoo wa majani, ndugu yake muwa, hindi na mwanzi: bua lake ni la mviringo, gumu, tupu ndani, nalo limegawanyika kwa vifundo na pingili. Waluo huliita odundu. Katika nchi hii ziko aina mbili, ambazo wataalamu huziita Phragmites mauritianus na Phragmites australis, na mtu aweza kuzitambua pasipo kitabu. Shika jani, uguse ncha yake kwa kiganja. Likikuchoma kama sindano, hilo ni la aina ya kwanza, ambayo ni ya Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi. Ikiwa ncha ni nyembamba na yapinda, ni la aina ya pili, ambayo imeenea karibu dunia nzima, tangu Ulaya hata Asia, Amerika na Australia. Tabia za aina hizi mbili zakaribiana sana, na mashauri yangu ya leo yanazihusu zote. Ila nitakapotaja nchi za mbali, jueni kwamba huko ni aina ya pili.

Sasa na twende chini ya matope. Humo mna shina nene lenye vifundo kama vya bua la juu, ambalo hutambaa huku na huku, na pengine hushuka futi 3 au zaidi. Kila kifundo chaweza kutoa mizizi upande wa chini na chipukizi upande wa juu. Shina hili huishi miaka mingi, na hilo ndilo ghala la mmea. Majani yanapokuwa mabichi hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua, na sehemu ya chakula hicho hupelekwa ghalani. Bua likikomaa na kukauka, limekwisha kupeleka mali yake yote chini, na hapo aliyelikata amechukua gunia tupu. Ghala halina hasara. Bali aliyekata bua bichi amelinyang'anya ghala mavuno kabla hayajaingia, na mmea hulazimika kutoa akiba yake ya zamani ili kuchipusha upya. Akirudi tena baada ya miezi miwili akakata machipukizi hayo, na tena baada ya miezi miwili, akiba yamalizika. Matete huwa membamba, kisha mafupi, kisha yatoweka, na watu husema kinamasi kimerogwa.

Jambo la pili ni pumzi, na hili ndilo ambalo nimeona watu wengi hawalijui. Ndani ya matope yaliyofunikwa na maji hamna hewa ya kutosha, na shina lile la chini lazima lipumue kama kiumbe kingine chochote. Lapata wapi pumzi? Kwa njia ya mabua. Mabua ya tete ni kama mabomba: hewa huingia kwa mabua mabichi, hushuka mpaka kwenye shina la ardhini, na hutoka tena kwa mabua ya zamani, hata yale makavu yaliyovunjika vichwa. Basi bua kavu lililosimama majini, ambalo mpita njia huliona kuwa takataka, bado linafanya kazi. Fikirini sasa mtu akikata mabua yote chini ya uso wa maji. Maji huingia katika visiki, mabomba yote huziba, na shina la chini huzama likafa kama mtu aliyezibwa pua na mdomo. Nchi nyingine wanaotaka kuangamiza matete hutumia hila hiyo hiyo kwa makusudi: hukata chini ya maji, au hukata kisha huachilia maji yapande juu ya visiki. Wenzetu wengi wameifanya hila hiyo bila kujua, huku wakitumaini kurudi mwakani kukata tena.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni hili. Penye maji, kateni juu ya maji, tena muache kisiki kisichopungua shubiri moja juu ya uso wake. Tena mtazame mbingu. Mkikata mwishoni mwa Machi, na mvua za masika zikashuka kesho yake, maji yatapanda juu ya visiki kabla machipukizi hayajapata kutokeza vichwa, na kazi yenu itakuwa sawa na kukata chini ya maji. Upande huu wakati ulio mwema ni kiangazi cha Januari na Februari, maji yanapokuwa yamepungua, na matete yaliyokomaa yamekwisha kumwaga mbegu. Penye ardhi kavu mwaweza kukata chini zaidi, hata vidole vinne juu ya udongo, maana hapo hakuna maji ya kuziba.

Mtu ataniuliza: tete lililokomaa hujulikanaje? Shungi limekwisha kutoka na mbegu zake kuanza kuruka; majani yamegeuka rangi ya manjano na mengine yameanguka; bua limeacha ukijani, na ukiligonga kwa ukucha lalia kikavu. Ukilikunja bua bichi hulegea. Ukilikunja lililokomaa hupinda kidogo, kisha hupasuka. Wasusi wa vikapu najua watanipinga, kwa kuwa kazi nyingine hutaka bua lililo bichi kidogo, lenye kupasulika vizuri bila kuvunjika. Sawasawa. Chukueni hayo, lakini chagueni bua hapa na bua pale, msifyeke eneo zima, wala msirudi katika sehemu ile ile mwaka huo huo.

Huko Uingereza, upande wa mashariki katika wilaya ya Norfolk, kuna vinamasi ambavyo watu wamevikata matete kwa mamia ya miaka kwa ajili ya kuezekea nyumba, na mpaka leo vinakatwa. Desturi yao ni kukata wakati wa baridi, tangu Desemba mpaka mwanzo wa Aprili, yaani mabua yakiwa yamekauka na machipukizi mapya hayajatoka. Mengine hukatwa kila mwaka, mengine kila mwaka wa pili, na sehemu zilizoachwa huwa makao ya ndege na wadudu. Sisi hatuna majira ya baridi, lakini busara ya kugawa kinamasi mafungu mafungu twaweza kuichukua bila kulipa forodha. Kateni fungu moja mwaka huu na jingine mwakani, na ule mstari wa mwisho unaoelekea maji mengi usikatwe kamwe, maana huo ndio ukuta unaopokea mawimbi.

Kuna adui watatu wa matete nje ya panga: moto, ng'ombe na mfereji.

Moto hauui shina lililo chini ya maji, na kwa sababu hiyo watu hudhani ya kuwa kuchoma hakuna madhara. Lakini kinamasi kilichokauka ni kitu kingine. Udongo wake umefanyika kwa majani na mizizi ya miaka mingi iliyooza nusu. Ukishika moto huungua chini kwa chini, siku baada ya siku, na moshi wake hauna mwisho. Moto wa namna hiyo hula ghala lenyewe. Tena huteketeza viota na mayai, ambavyo ndege hawawezi kuvihamisha. Ng'ombe hupenda machipukizi, nayo ni chakula chema kwao yakiwa machanga, ingawa mabua makuukuu ni magumu na hayana faida kwa mnyama. Hasara ya ng'ombe ni kwato zaidi ya meno: kundi likishuka kila siku mahali pamoja huvunja machipukizi, hugandamiza tope, na ukingo wa mto huporomoka. Wekeni mlango mmoja wa kunywea maji, uliotandikwa mawe, na sehemu nyingine zote zifungwe kwa boma la miiba.

Lakini mfereji ndio mkubwa wao, na hapa nataka kuwapeleka safari ya mbali, mpaka kusini ya Iraki, mahali mito ya Tigris na Euphrates inapokaribia kukutana. Huko kuna vinamasi vya matete ambavyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 15,000 au zaidi. Watu wa huko, waitwao Maadani, hujenga kila kitu kwa matete. Hurundika matete na matope mpaka yawe kisiwa, na juu ya kisiwa husimamisha nyumba. Baraza yao ya wageni, iitwayo mudhifu, ina nguzo za matete yaliyofungwa pamoja, mafungu manene kuliko mtu mwenye tumbo kubwa. Hupanda nguzo hizo kwa safu mbili, huinamisha vichwa vyake vikutane, huvifunga vikawa matao 7, 9 au 11, kisha hufunika mikeka ya matete. Hapana msumari hata mmoja ndani yake. Mifano ya nyumba kama hizo imechongwa juu ya mawe tangu zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Nyati wao wa kufugwa hula machipukizi, na wanawake huuza mikeka mijini. Mwingereza Wilfred Thesiger, ambaye wengi wa Maralal walimjua kwa kuwa aliishi miaka mingi katika nchi ya Wasamburu, alikaa kwanza na Maadani katika miaka ya 1950, na habari zao alizitia katika kitabu kilichotoka mwaka 1964.

Mwaka 1991, baada ya maasi ya kusini, serikali ya Saddam Hussein ilianza kuchimba mifereji na kujenga kuta za udongo ili maji ya mito yasiingie vinamasini. Ilipofika mwaka 2000, karibu sehemu tisa katika kumi za vinamasi vile zilikuwa zimekauka, na wenyeji wengi sana wamekimbia. Hapakuwa na haja ya kukata tete hata moja. Palipoondolewa maji, matete yalijifia yenyewe. Mwaka 2003, baada ya serikali ile kuanguka, wenyeji walizibomoa kuta kwa mikono yao, na maji yakarudi. Na matete je? Mahali pengi yalirudi upesi kuliko wataalamu walivyotazamia, kwa mbegu na kwa mashina yaliyobaki hai. Lakini mahali pengine chumvi ilikuwa imepanda juu ya ardhi kavu, na maji yaliporudi yalikuta nchi isiyoota kitu cha maana. Mwaka 2016 vinamasi hivyo vilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo ukame na mabwawa yaliyojengwa juu ya mito vimeendelea kuvipunguzia maji, na baada ya mwaka 2021 Maadani wengi wameuza nyati wao wakahama tena.

Nimesema habari hii kwa kirefu kwa sababu kinamasi cha Yala si mbali nasi. Ni chenye hekta zipatazo 17,500. Mafunjo yameshika sehemu kubwa ya katikati, na matete yamesimama pembeni ambako maji si mengi. Katika miaka ya 1960 hekta zipatazo 2,300 zilianza kukaushwa kwa ajili ya kilimo, na tangu hapo mashauri ya kukausha zaidi yameondoka na kurudi. Sitaingia katika ugomvi huo leo. Nitawakumbusha tu habari za samaki. Katika ziwa dogo la Kanyaboli, lililo ndani ya kinamasi hicho, wamesalimika ngege wa asili, ambao katika ziwa kubwa la Victoria karibu wametoweka baada ya mbuta kutiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Maji yaliyojificha katikati ya mimea hayana hewa nyingi, na mbuta hayapendi. Samaki wadogo wetu huyavumilia, hujificha humo na kuzaa. Humo pia hukaa nzohe, yule paa wa majini mwenye kwato ndefu, na ndege ambao hawajengi mahali pengine. Mvuvi anayefyeka matete ili apate njia ya mtumbwi na afanye hivyo kwa kiasi. Akifyeka pwani yote amevunja nyumba ya kulelea watoto wa samaki anaowategemea.

Basi mtasema matete ni mema siku zote na kila mahali. La, sivyo. Huko Amerika ya Kaskazini palikuwa na matete ya asili tangu zamani, yasiyosumbua mtu. Mwaka 2002 mtaalamu mmoja, Kristin Saltonstall, alionyesha kwa kuchunguza mbegu za urithi kwamba matete yaliyokuwa yakienea kwa nguvu kandokando ya pwani na maziwa makubwa yalikuwa wageni kutoka ng'ambo, waliofika katika karne zilizopita. Wageni hao wamesonga mimea mingine mpaka ikafa, na watu hutumia fedha nyingi kuwapiga kwa dawa, moto na mashine. Na juu ya hayo, kwenye mdomo wa mto Mississippi, mwaka 2016 matete yalipoanza kufa kwa sababu ya mdudu mdogo mfyonza utomvu, watu walifadhaika, kwani kule matete ndiyo yaliyokuwa yakishikilia nchi isichukuliwe na bahari. Kwa hiyo mmea ni ule ule, na hukumu yake hutegemea mahali ulipo. Kwetu sisi maana yake ni mbili. Msilete kamwe matete kutoka nchi ya mbali, hata kama muuzaji anayasifu kwa urefu. Mliyo nayo yatosha. Tena msiyapande karibu na mifereji ya mashamba ya mpunga wala katika kibwawa kidogo cha kunyweshea ng'ombe, maana yatajaza mfereji na kunywa bwawa, na kuyang'oa ni kazi ya kutoa jasho la damu: kipande kimoja chenye kifundo kikibaki, mwaka ujao yapo tena.

Mahali pake hasa ni ukingo wa mto na wa ziwa. Huko mashina yale yaliyofumana chini ya udongo huushika kama nyuzi zishikavyo mkeka, na mabua hupunguza mwendo wa maji ya gharika, hata mchanga na tope hutua badala ya kwenda ziwani. Mizizi huvujisha hewa kidogo ndani ya matope, na hapo huishi vijidudu visivyoonekana ambavyo hula uchafu. Mjerumani Reinhold Kickuth alitumia tabia hiyo: mwaka 1974, katika mji mdogo wa Othfresen, maji machafu yalipitishwa katika udongo uliopandwa matete ili yasafike, na tangu hapo mashamba ya namna hiyo yamejengwa katika nchi nyingi. Haifai lakini mtu kudhani kwamba maji yaliyopita katika matete yanaweza kunywewa hivi hivi. Yachemsheni.

Swali ninaloulizwa kila ninapokwenda ni hili: "Bwana, tukiacha matete ukingoni, tutalima wapi?" Ni swali la haki. Mashamba yamekuwa madogo, na udongo wa ukingoni ni mweusi na wenye rutuba, nami sithubutu kumcheka mtu anayewatafutia watoto wake chakula. Lakini na tufanye hesabu. Mtu mwenye shamba linalopakana na mto kwa urefu wa mita 100, akiacha mita 6 kutoka ukingoni, ameacha mita za mraba 600, yaani kama sehemu ya saba ya ekari moja. Akilima mahindi hapo atapata madebe kadhaa katika mwaka mwema. Katika mwaka mbaya mto hauchukui mahindi peke yake. Huchukua na udongo yalimoota, kisha huanza kula shamba la nyuma yake, ambalo halikuwa na shida. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita hata kiwango cha mwaka 1964, na wengi wenu mnakumbuka mlivyolala. Katika sehemu hiyo hiyo ya saba ya ekari mtu aweza kukata miganda ya matete kila mwaka, bila jembe, bila mbegu na bila mbolea.

Na miganda hiyo ina kazi nyingi. Fundi wa nyumba aweza kuyatumia matete mahali pa fito katika ukuta wa kukandika: yafungwe kwa kamba mbili mbili, na sehemu ya chini ikae juu ya mawe, mbali na mchwa na maji ya mvua. Yakisukwa kuwa majamvi mapana hufaa kwa dari, kwa kugawa vyumba, kwa kuanikia dagaa wasipate mchanga, na kwa ua. Kwa kuezeka, paa liwe na mwinamo mkali, nyuzi 45 au zaidi, na matete yapangwe manene na kubanwa sana, ili maji yateremke juu juu. Huko Ulaya paa la namna hiyo lililojengwa na fundi stadi huishi miaka 40 au 50. Paa bapa la matete litaoza upesi hata likiezekwa na malaika. Wala jiko lisiwe chini yake. Majani na takataka zinazobaki zitandazeni kati ya migomba, au muwatandikie ng'ombe zizini, zipate kuwa mbolea. Na wale wenzetu wanaoona matete kuwa ni kitu cha watu wa vijijini, wakumbuke kwamba waandishi wa pwani zamani walichonga kalamu zao kwa tete au mwanzi, na hilo neno kalamu lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambao nao walilipata katika lugha ya Kiyunani, ambako kalamos maana yake ni tete.

Matete yaliyokatwa yasilazwe chini. Yasimamisheni katika miganda, vichwa juu, mahali penye upepo na kivuli, mpaka yakauke. Yakilala katika umande hupata ukungu, hugeuka meusi, na mnunuzi mjini atayakataa au kutoa nusu ya bei.

Juu ya sheria neno langu ni fupi. Kanuni za mwaka 2009 za kulinda nchi za majimaji, ambazo siku hizi huitwa ardhi oevu, zinataka uachwe ukanda usiopungua mita 6, wala kuzidi mita 30, ukipimwa toka alama ya juu kabisa ambayo gharika imewahi kufika. Kanuni hizo hizo hazimkatazi mwananchi kukata mafunjo na matete kwa mahitaji ya nyumbani. Anayetaka kukausha kinamasi au kuvuna kwa biashara kubwa lazima apate ruhusa kwanza. Mtu akiwaambia kwamba hata mgongo mmoja wa matete ni marufuku, mwambieni awaonyeshe imeandikwa wapi.

Kwa wale ambao ukingo wao umekwisha kuwa wazi, kupanda ni rahisi. Mwanzo wa mvua, chimbeni shina la ardhini mahali palipo na matete mengi, msichukue yote, mkate vipande vyenye vifundo vitatu. Kila kipande kilazwe katika tope kiasi cha upana wa kiganja, hatua moja kati ya kimoja na kingine, juu kidogo ya mahali maji yanapofika, kwa kuwa chipukizi likifunikwa na maji kabla halijatokeza litakufa. Mwaweza pia kuchukua bua bichi na kulilaza juu ya tope; vifundo vyake vitatoa mizizi. Wekeni miiba ng'ombe na mbuzi wasipite. Mwaka wa kwanza msikate kabisa, hata kama yanapendeza. Mwaka wa pili kateni machache. Januari ya mwaka wa tatu ndipo mlete mundu. Nimekuja na vipande kiasi, vimo ndani ya magunia yaliyoloweshwa pale chini ya mti. Kila mwenye ukingo ulio wazi achukue ishirini, avipande leo au kesho asubuhi, maana vikikauka havioti.